Bafta Uliyovishwa, Mama

Mpendwa mama,

Sikuulizi hali, nachelea jibu lake. Najua ulipo hakifiki chochote ila dua, na dua zangu mimi sijui zinafika wapi. Kwa hiyo barua hii nimeiacha wazi. Aisome anayetaka: wa Madungu nilikopanga chumba, wa Makangale ulikonizaa, na wale waliobeba jeneza lako kisha wakanishika mkono wakasema mama yako amepata mtoto. Nimechoka kuitwa mtoto mwema.

Unaikumbuka siku uliponiuliza bahati nasibu ni mdudu gani? Ulikuwa umekaa mkekani na kofia ya kuuza magotini, unatoboa vishimo kwa sindano, miwani umeifunga uzi upande mmoja. Nilikuwa nimekuja kukutazama kutoka Chake Chake, kwenye lile duka la saruji na mabati ninakofanya kazi. Simu ikalia, nikasoma, nikatabasamu. Ukasema, "Nani huyo akuchekesha vino? Mchumba?" Nikaona bora nikwambie ukweli, maana mchumba ungetaka kumwona.

Nikakueleza kwa bashasha. Nikasema ni bahati nasibu ya taifa, ya serikali kabisa, na matokeo yanatangazwa hadharani. Kuna droo kubwa ya wiki: unachagua nambari zako sita, mipira inazungushwa kwenye chombo cha kioo, zikitoka zote umeaga umaskini, na asipopata mtu zawadi inaongezeka hadi wiki nyingine. Kuna droo ndogo ya kila siku, nambari tatu tu, zawadi yake si kubwa lakini watu wanaipata. Kuna tiketi za kukwangua kwa sarafu, ukikuta picha tatu za namna moja umeshinda papo hapo. Rafiki yangu aliniletea chache kutoka Tanga. Halafu kuna ule wa harakaharaka wa kwenye simu, kabla hujapepesa jicho umeshajua kuwa umekosa. Nikasema hapa Pemba hukioni kibanda chake, lakini mwenye simu hahitaji kibanda. Nikamalizia kwamba sehemu ya mapato inarudi kwenye mambo ya umma, kana kwamba umma ndio ulionituma.

Ulinisikiliza mpaka mwisho. Ukauliza, "Na wale wasopata, pesa zao zenda wapi?"

"Ndizo anazopewa aliyepata, mama."

"Basi si kamari hino, baba?"

"Lakini ni ya serikali."

"Kwani serikali huswali?"

Tulicheka mpaka sindano ikakuponyoka, nikawa naitafuta mkekani kwa viganja. Nikakuahidi nitaacha, nikafuta ule ujumbe ukiniona. Ujumbe mmoja, mama. Nambari ya kuchezea ilikuwa kichwani.

Sasa nifike kwenye sanda, ndiyo iliyonikalisha kuandika. Watu wa kwetu wanajua kwamba mwanamke mtu mzima huweka sanda yake kashani mapema, aliyoinunua kwa jasho lake, asije akamsumbua mtu siku ya siku. Wewe ulikuwa nayo zamani. Alipofariki jirani yetu Bi Raya ghafla, na kwake hakuna kitu, ukafungua kasha ukaitoa yako bila hata kukaa chini kufikiri. Ukaanza upya. Kofia baada ya kofia, macho yakikutoka machozi kwa kutazama vishimo, ukaweka kidogokidogo kwenye kikopo cha maziwa. Siku kilipotimia ukanipa pesa zote zimefungwa kwenye kitambaa. "Ninunulie nguo ya kawaida tu, na karafuu maiti, na udi kidogo. Sitaki makuu. Ntu hendi harusini."

Nilikwenda mjini nikiwa na nia safi, Mungu ni shahidi. Duka la nguo lilikuwa limefungwa kwa sala ya Ijumaa. Nikakaa kusubiri lifunguliwe, na simu mkononi.

Sitaki kujitetea. Siku ile nilicheza kidogo, nikasema nitarudisha nikipata mshahara. Siku ya pili nikacheza ili nirudishe ya siku ya kwanza. Wiki haijaisha kitambaa kimebaki kitambaa. Ulipopiga simu kuuliza, nikasema nguo za sanda zimeadimika, meli haijaleta. Ukasema, "Haidhuru, baba, sina haraka nami." Nilikata simu nikakaa juu ya mifuko ya saruji, nikajiona mchafu, na bado nikacheza tena.

Nilichagua nambari hizi: tatu, tano, saba. Tatu ni nguo za sanda ya mwanamume. Tano ni za mwanamke. Saba nilizihesabu siku za hitima. Nilikaa nikahesabu mambo ya kifo chako ukiwa hai nikayafanya nambari za kuchezea, na zikatoka. Ujumbe uliponifikia niliruka, nikamkumbatia mwenye duka. Nilisema Alhamdulillahi, mama. Kwa kitu kile nilisema Alhamdulillahi.

Hapo ndipo nilipofanya kosa lililoniumbua, nami sikujua. Ningenunua ile nguo ya kawaida uliyoitaka, labda ingepita. Lakini nilikuwa na dhambi kifuani na pesa mfukoni, nikataka kuilipa dhambi kwa pesa. Nikanunua bafta bora kuliko zote dukani, nyeupe, laini. Nikaongeza marashi ya mawaridi, na udi wa wenye nafasi zao. Nikakuletea Makangale mchana kweupe, nikaitandika mkekani majirani wakiwapo. Wakasema mashaallah, mtoto ndiye huyu. Mimi nikasimama mlangoni nakunywa sifa.

Wewe ulichukua pembe ya bafta ukaisugua kwa kidole gumba na cha shahada, kama unavyosugua kitambaa cha kofia kabla ya kukikata. Ukanitazama. Ukasema, "Njema mno hino." Kisha ukauliza, "Umekula?"

Nilidhani ni furaha.

Ulipokufa niliteremka kaburini mimi kukupokea. Mikono hii ndiyo iliyokushika kiunoni. Ilikuwa inashika bafta ile na kichwani zinapita tatu, tano, saba, tatu, tano, saba, na shehe juu anatusomea. Nilipotoka watu walinipa pole. Niliomba ardhi inimeze na mimi.

Baada ya hapo nilimwendea shehe mmoja nikamuuliza, eti nina rafiki yangu, mama yake amezikwa kwa sanda ya pesa ya kamari, atafanyaje? Akaniambia dhambi ni ya aliyenunua, marehemu hana lake, rafiki yako atubie na aache. Kutubia kwa mdomo niliweza. Kuacha ndiko sikuweza. Nilikuwa naomba radhi yako baada ya kila sala, na kabla mkeka haujakunjwa nishafungua simu kutazama matokeo.

Mwezi uliopita mama mdogo, Bi Mize, akaniita. Alikuwa anakohoa, amekonda. Akanipa pesa zimefungwa kwenye pembe ya kanga, akasema naye anataka sanda yake, nikamnunulie mjini. "Ya kawaida," akasema, akalirudia neno hilo mara mbili. Nilimbusu mkono. Njia nzima nilikuwa najisemea kwamba Mungu amenifungulia mlango, hii nitainunua kwa pesa ileile, noti zilezile, nimpe na chenji yake mkononi. Nilikuwa na furaha ambayo sikuipata tangu ufe.

Zilikaa kwangu siku nne. Siku ya tano zilikwisha, na mara hii sikushinda kitu.

Nilikwenda Makangale mikono mitupu. Nikamkuta mama mdogo anachambua mchele. Nikapiga magoti nikamwambia yote, yake na yako, tangu kitambaa hadi bafta. Aliendelea kutoa mawe kwenye ungo, kisha akasema, "Mama yako alijua."

Nikasema hapana.

"Alijua siku ileile. Kaniita chumbani, kanishikisha nguo, kaniambia, Mize, pesa yangu hainunui bafta hino. Yuno kacheza." Nikamwambia sasa kwa nini mlimvisha? Akaweka ungo chini. "Mie nilisema tuiuze tununue nyengine. Yeye hakutaka. Kasema majirani wote wameiona, siku hiyo wasipoiona watauliza, na mwanangu atasemwa. Kasema yeye na Mola wake watajuana, pesa aloitoa yeye ilikuwa ya halali. N'visheni hivyo hivyo, msimwaibishe mwanangu."

Mama. Nilikuwa nimekununulia nguo ya kukusitiri, kumbe ukaivaa kunisitiri mimi.

Nikadhani hapo ndipo mwisho wa mambo, kumbe bado. Nikamuuliza mama mdogo, kama mlijua, wewe pesa zako ulinipa za nini? Akalia. Ndipo alipolia. Akasema ulimuusia. Ulimwambia mwaka wa kufa kwako ukikaribia kutimia anipe na yeye pesa ya sanda yake, makusudi, nijue kwamba bado naaminiwa, na kwamba mtu akiaminiwa mara ya pili hurudi. "Nami n'kampa mwanao," akasema kama anayekujibu wewe, "na kazila."

Uliniwekea akiba ya kuaminiwa, ukaenda kaburini ukiitegemea, nami nimeicheza. Nakuomba radhi na sijui mtu huombaje radhi kwa aliyekwisha kufa akiwa amesamehe kitu ambacho mimi nimekirudia. Naogopa, mama. Najiogopa mimi.

Laini yangu ya simu nimemwachia mama mdogo. Aliichomoa mwenyewe, akaifunga kwenye pembe ileile ya kanga iliyokuwa na pesa zake. Nimemwambia mwenye duka mshahara wangu asinipe mkononi, ampelekee Bi Mize, naye nguo yake ataichagua mwenyewe. Nilitoka pale nikaona nimefanya kitu cha maana.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Jana, Alhamisi, miguu ilinipeleka kwa wakala wa simu pale sokoni. Nikajisikia nauliza kurudisha laini iliyopotea kunahitaji nini. Kijana akasema, "Kitambulisho tu, kaka, dakika tano." Kitambulisho ninacho mfukoni. Niligeuka nikarudi chumbani, nikatafuta karatasi, nikaanza barua hii.

Ndiyo maana naiacha wazi. Wewe ulinificha ili nisisemwe, na mafichoni nilimo ndimo ninamochezea. Nisemwe. Ewe unayeisoma, ukinikuta kwa wakala wa simu nishike mkono unitoe hata kama napiga kelele. Ukiwa na mama yako na ana pesa zake za sanda, usimruhusu anipe. Hata akisema mimi ni mtoto mwema. Hasa akisema hivyo.

Kaa na amani, mama, kama amani imekufikia ndani ya ile nguo. Mimi huku leo ni Ijumaa, duka la nguo limefungwa, na kitambulisho bado kimo mfukoni.

Mwanao uliyemsitiri,
Hamadi