Safu za Mama Chini ya Upenu

Incheon, 4 Novemba 1999

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujambo huko mlimani? Kikohozi kimepungua? Sisi tulifika salama. Baba Da-hye anakusalimu, na Da-hye amemaliza mahindi yote uliyotupa kabla basi halijafika mjini.

Kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu mama afariki ilikwenda vizuri, hakuna aliyegombana isipokuwa shangazi, na yeye tumemzoea. Nakuandikia kwa sababu ya lile tulilokwepa kulizungumza. Siku ya maziko ulisema mbele ya ukoo mzima: kuni alizozipanga mama yako zikiisha, nitashuka Incheon. Hakuna aliyekulazimisha. Nilizitazama zile safu chini ya upenu. Baba Da-hye anakisia kwamba ni kuni za majira mawili ya baridi, zikizidi sana ni matatu. Chumba chako tumekipaka rangi. Sakafu yake inapashwa kwa mabomba ya maji ya moto, si kwa moshi wa jiko unaopita chini yake kama huko kwako, hutahitaji hata kiberiti.

Nijibu kwa barua, maana kwenye simu unapiga kelele tu halafu unakata.

Binti yako,
Myeong-rim


Sorigol, Gangwon, 21 Novemba 1999

Mama Da-hye, mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, miguu inafanya kazi, na meno yaliyobaki yanatosha. Natumaini mkwe wangu yu mzima na kazi haijamchosha.

Simu na masikio yangu havipatani. Usinilaumu.

Ahadi ni ahadi, siikimbii. Ila na wewe ujue, baba kuhamia nyumbani kwa mkwe ni jambo gumu huku kwetu. Wazee pale dukani wataulizana kama Cheol-gu kafilisika au kagombana na mlima. Lakini nimesema, nimesema.

Wiki hii nimeangusha mialoni miwili nyuma ya shamba la viazi na nimeanza kuipasua. Mgongo unalalamika asubuhi, mchana unanyamaza. Kuni hizi zitakauka vizuri ifikapo baridi ya mwaka 2001. Theluji ya kwanza imeshaanguka juu ya kaburi la mama yako. Nimeifagia.

Baba yako


Incheon, 9 Januari 2000

Baba,

Heri ya mwaka mpya, na afya iwe nawe. Huku baridi ya baharini inapenya mpaka mifupani, lakini wote tuko sawa.

Nina maswali mawili, na nakuomba usiyazunguke. La kwanza: mtu anayehamia Incheon anapasua mwaloni wa mwaka 2001 wa nini? La pili: barua yako ilinuka moshi. Niliiweka kwenye droo ya nguo, na sasa blauzi zangu zote zinanuka kama nimelala jikoni kwako. Mama aliniandikia miaka mingi kutoka nyumba hiyohiyo, na barua zake hazikunuka hivyo hata mara moja. Kuni kavu hazitoi moshi wa namna ile.

Unachoma kuni gani, baba?

Binti yako,
Myeong-rim


Sorigol, 17 Februari 2000

Mama Da-hye,

Heri ya mwaka na kwenu. Theluji imefika kwenye dirisha la choo. Nakula supu ya soya na viazi, nakula viazi na supu ya soya. Sina malalamiko.

Safu yangu ya mwaloni imeanguka mara ya pili. Mama Gwi-nam wa nyumba ya juu alipita akasimama kuitazama, akasema, "Cheol-gu, hizi kuni zako zimepanga mstari kama walevi wanaotoka gulioni." Nikamwambia aende zake. Akasema, "Naenda, lakini nikirudi zitakuwa zimelala." Kweli zikalala, na theluji ikazifunika.

Unajua tulivyofanya kazi mimi na mama yako. Mimi napasua, yeye anapanga. Miaka arobaini sikugusa safu na yeye hakugusa shoka. Alisema mikono yangu haina subira. Sasa mikono hiyohiyo ndiyo imebaki.

Moshi ni moshi. Usiweke barua za watu kwenye blauzi.

Baba yako


Incheon, 2 Desemba 2000

Baba,

Hujambo. Sisi hatujambo, ingawa mimi sina raha.

Umenyamaza mwaka mzima ukaniandikia kadi moja ya kunishukuru kwa soksi. Oktoba tulipokuja kwenye kumbukumbu ya mama sikusema kitu mbele ya wageni, lakini niliona. Safu zake ziko vilevile. Kile kiatu chake cha mpira kilichochanika, alichokisokomeza chini ya ncha ya safu ili isiyumbe, bado kipo, na juu yake utando wa buibui. Hakuna kipande hata kimoja kilichotolewa. Umepitisha baridi mbili nzima bila kuzigusa, na ya tatu imeanza.

Umenidanganya, baba. Ulitoa ahadi kwa kuni ambazo hukuwa na nia ya kuzichoma. Shangazi ananiuliza kila mwezi lini mzee anashuka, na mimi nakutetea kama mjinga. Mimi ni mtoto wako wa pekee. Kukitokea jambo huko, nani atakusikia?

Kabla ya mwaka mpya nataka jibu la kueleweka.

Myeong-rim


Incheon, 28 Desemba 2000

Baba,

Mama Gwi-nam amenipigia simu. Amesema alfajiri ya Jumatatu aliona bomba lako la moshi halitoi kitu, na moshi unatokea mlangoni. Alikukuta chini, kwenye kizingiti cha jikoni, akakukokota kwa ukosi wa koti mpaka kwenye theluji. Amesema pia hospitalini uliwatukana wauguzi, hapo nikajua utapona.

Anasema umerudi, uko kwake, na hutaki kuja kwenye simu. Basi andika. Sitagomba. Barabara ya huko imefungwa na theluji tangu jana, la sivyo ningekuwa nimeshafika. Nimeogopa, baba. Niambie ukweli tu.

Binti yako


Sorigol, nyumbani kwa Mama Gwi-nam, 6 Januari 2001

Myeong-rim, mwanangu,

Sijambo. Kichwa kiliniuma siku chache, sasa kimetulia. Mama Gwi-nam ananilisha kama mbuzi wa kuuzwa na kunisimanga katikati ya kila kijiko. Usiogope tena.

Umeuliza ukweli. Nilikuwa nachoma kuni mbichi. Ule mwaloni niliopasua nilikuwa nautia motoni kabla haujakauka, maana safu zinazoanguka hazikaushi kitu. Masizi yake yalinata kwenye njia za moshi chini ya sakafu mpaka zikaziba. Usiku ule moshi ulikosa pa kwenda, ukapanda kupitia nyufa za sakafu nilipolala. Niliamka nikatambaa mpaka kizingitini. Baada ya hapo sikumbuki. Kosa ni langu, hata mtoto wa huku anajua kwamba kuni za zamani ndizo zinazotangulia.

Baridi ya kwanza baada ya maziko nilikwenda kwenye safu za mama yako. Nikachomoa kipande kimoja. Vyote alivilaza maganda juu, unakumbuka, na ncha zake zimekaa sawa kwenye mstari. Pakabaki tundu. Nilisimama pale na kile kipande mkononi, halafu nikakirudisha. Kesho yake nikaenda tena, nikashindwa tena. Ile ndiyo kazi ya mwisho aliyoifanya. Nikiimaliza, yeye ameondoka na mimi natakiwa niondoke. Sijui lipi lilinitisha zaidi. Namkumbuka sana, nadhani hilo ndilo la kusema.

Sasa nimechoka kushindana na wewe. Nitakuja. Sema siku, nami nitafunga mzigo.

Baba yako


Incheon, 14 Januari 2001

Baba,

Nimesoma barua yako jikoni nikiwa nimesimama, na wali ukaungua. Pole, baba. Na mimi namkumbuka.

Usije.

Nimelifikiria wiki nzima. Ningekuleta hapa ungekaa dirishani ghorofa ya kumi na moja ukitazama maegesho ya magari, na mimi ningekuwa mshindi, wa nini sijui. Lakini nina masharti, na hayana mjadala. Kaa kwa Mama Gwi-nam mpaka fundi afungue sakafu na kusafisha njia za moshi zote. Ukirudi nyumbani, choma kuni za mama. Anza na safu ya zamani kama inavyotakiwa. Hakuzipanga zitazamwe. Alizipanga ili wewe ulale kwenye joto. Umeilaza kazi yake bila faida miaka miwili, na wewe ukavuta moshi. Angekuwepo angekupiga kwa kile kiatu.

Mwezi wa nne nakuja na likizo yangu yote. Wewe utapasua, mimi nitapanga. Tangu nikiwa mdogo mama alikuwa akinishika mikono ananionyesha, wewe ulikuwa huko na shoka lako hukuona. Kuhusu ahadi, tuifute tuweke mpya: kuni nitakazopanga mimi zikiisha, ndipo utashuka. Shangazi nitamweleza mwenyewe.

Binti yako,
Myeong-rim


Sorigol, 20 Februari 2001

Mama Da-hye, mwanangu,

Salamu kwenu nyote. Niko nyumbani. Fundi alitoa masizi ndoo kwa ndoo, akaniuliza kama nilikuwa nachoma matairi.

Jana nilichukua kuni za mama yako, mzigo mmoja wa kwapani. Moto ulishika mara moja, haukulia wala kutoa mvuke. Sakafu ilikuwa ya joto mpaka kwenye miguu ya kabati, nikalala hadi jua likanikuta. Sikuwa nimelala hivyo tangu alipokufa. Pale kuni zilipotoka ukuta umeonekana. Nilikuwa nimesahau kwamba tuliupaka chokaa. Nililia kidogo, halafu nikala viazi.

Njoo na glavu. Za mama yako zina matundu.

Baba yako


Sorigol, 12 Septemba 2001

Mama Da-hye,

Hamjambo? Mimi mzima na mapafu yangu yamesahau ule moshi.

Mvua za majira ya joto zimepita na safu zako zimesimama. Mama Gwi-nam alikuja kuzisukuma kwa bega, kusudi kabisa, hazikutikisika. Alisema, "Huyu karithi mikono ya mama yake." Ni kweli. Vipande vya juu vimeanza kupasuka ncha, dalili nzuri. Kile kiatu nimekihamishia chini ya safu yako ya mwisho.

Ila umezipanga nyingi mno. Mzee wa umri wangu hizi atazimaliza lini? Hata hivyo ahadi iko palepale. Zikiisha, nitashuka.

Baba yako


Incheon, 19 Septemba 2001

Baba,

Shikamoo. Hatujambo. Barua yako haina harufu yoyote, nimeinusa mara mbili.

Oktoba tunakuja kwenye kumbukumbu ya mama. Angusha mwaloni mmoja kabla sijafika. Nakuja kuongeza safu.

Binti yako,
Myeong-rim