Profesa Terpstra na Makala Isiyo na Jina

Wietske, shoga, bado siamini!

Leo ilikuwa zamu yangu kuchagua makala ya kujadili wakati wa chakula. Unajua desturi ya wodi yetu ya wagonjwa mahututi: majina ya waandishi hufunikwa hadi mwisho. Nikachagua ya Profesa Terpstra mwenyewe, nimfurahishe, maana ndiye anayeamua kama nitapata nafasi ya uzamivu.

Akaisoma huku anatafuna mkate na jibini. "Upuuzi! Aliyeandika hii hajawahi kumwachisha mgonjwa mashine ya kupumulia!"

UPUUZI, shoga. Yake mwenyewe!

Nikafunua majina. La mwisho, pale anapowekwa mkubwa wa utafiti, lake. Hata kutafuna aliacha.

"Aa... hii niliandika na vijana," akasema. Kisha akanigeukia: "Wewe utaanza Jumatatu. Nahitaji mtu wa kunisomea makala zangu."