Waya wa Zahanati

3 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko, na goti linaendeleaje? Sisi wazima, ila tumejaa vumbi mpaka kope.

Kompyuta ulizotuombea hospitalini kwenu zimefika, na ofisi nyingine zimetuongezea. Ni vikongwe hasa. Moja inakohoa kabla ya kuwaka. Lakini nikiziunganisha na kuzipa programu huria, zile za bure ambazo yeyote anaruhusiwa kuzifungua na kuzirekebisha, zinagawana hesabu moja na kufanya kazi kama kompyuta moja kubwa sana. Tunataka itukokotolee mafuriko ya bonde letu. Chuo kimetupa stoo iliyopakana na zahanati. Mkuu wa chuo ananiita "Injinia" mbele za watu, nami najifanya sijasikia ili arudie.

Mwana wa kaka yako

18 Februari

Injinia wangu (haya, nimerudia),

Marahaba. Goti linanitii asubuhi, jioni linagoma. Daktari mkuu aliponiuliza kompyuta zinakwenda kwa nani, nilimjibu, "Kwa binti yangu." Sikusema mtoto wa kaka. Wenzangu wodini wanadai picha.

Lakini umeme utawatosha? Huku kwangu pasi na birika haziwaki pamoja.

Shangazi yako

6 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na pole na goti. Picha hizo hapo. Aliyesimama mlangoni amenuna ni mlinzi wa zahanati, tunamwita Mzee Taa, kwa kuwa hawezi kupita penye swichi bila kuzima.

Umeme ulitutesa kweli. Tukiwasha mashine zote, swichi kuu inaanguka. Nimepata dawa: nimetoboa ukuta na kuvuta waya kutoka zahanati. Kibali usiniulize. Wageni wakubwa wanakuja mwisho wa mwezi, na hesabu lazima iwe imekamilika.

Mwana wa kaka yako

2 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mbona kimya? Wageni walikuja? Nimewaambia wodi nzima wewe ni nani, sasa wananiuliza kila siku nami nabaki kucheka tu. Kama unaumwa, sema.

Shangazi yako

15 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Siumwi. Natamani ningekuwa naumwa.

Wageni walikuja, wakapiga makofi, wakapiga picha. Mimi nilikuwa natazama ukuta.

Jumamosi kabla ya ujio wao niliacha mashine zikikokotoa, nikaenda zangu. Jumapili jioni niliporudi nilikuta ziko kimya. Nikazunguka zahanati, nikakuta swichi yao imeanguka. Nikaipandisha. Jokofu la chanjo likaguna na kuwaka, nami nikasimama pale nikijua kabisa lilikuwa limezimika kwa muda mrefu. Kisha nikarudi kuanzisha hesabu upya. Sikumwambia mtu.

Jumatatu muuguzi aliona alama za kwenye chupa, zile zinazoonyesha chanjo imepata joto, zimebadilika rangi. Akatupa chanjo zote. Akina mama walikuwa wamejaa kwenye benchi na watoto wao, wakaambiwa warudi makwao. Alipouliza nani amezima jokofu, watu wote walimgeukia Mzee Taa. Aliapa hakugusa. Mmoja akasema, "Mzee, wewe hata jua ungelizima." Wakacheka. Mimi nilikuwepo, Shangazi. Nilicheka na mimi.

Amesimamishwa kazi. Waya niliuchomoa, tundu nikaliziba. Sina uso wa kukutazama.

Mwana wa kaka yako

22 Aprili

Mwanangu,

Sikuamkii kwa furaha, lakini nakuamkia.

Mimi ni muuguzi. Nimewahi kuwarudisha akina mama kwa ajili ya jokofu, najua wanavyokutazama. Lakini chanjo italetwa nyingine. Huyo mzee ataletewa jina jingine na nani?

Kompyuta zile niliziomba kwa mdomo wangu huu. Wodini leo wameniuliza habari zako, nikajifanya natafuta bandeji.

Unaniambia mimi ili upumue. Kawaambie wao.

Shangazi yako

9 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nimewaambia.

Nilianza kwa Mkuu. Akafunga mlango, akasema, "Injinia, mambo haya tunaweza kuyamaliza kimyakimya." Kwa siku kadhaa nilitaka sana kumkubalia. Kisha siku ya chanjo nikaenda, nikasimama mbele ya benchi, nikasema ni mimi. Mama mmoja aliniuliza, "Na ulikuwa unatuona tukiondoka?" Nikamjibu ndiyo. Akanipa mgongo. Watoto walichanjwa, muuguzi amenihakikishia.

Mradi wamempa mwingine. Mashine zimezimwa mpaka waje mafundi wa umeme. Mzee Taa amerudishwa kazini. Nilimfuata kumwomba radhi, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi nilijua sikuzima. Kamwambie mke wangu."

Nikaenda naye kwake. Mkewe alikuwa anaanua nguo, hakunikaribisha. Nilisimama uani nikasema yote, waya, jokofu, hata kicheko. Alikuwa ameshika shati la mumewe, analikunja na kulikunjua. Nilingoja anitukane. Hakunitazama hata kidogo. Alimgeukia mzee, akamwambia kwa sauti ndogo sana:

"Na mimi sikukuamini."

Mzee akaliangalia shati.

Niliondoka nikiwaacha wamesimama hivyo, Shangazi. Nilidhani nakwenda kuondoa kitu katika nyumba ile.

Mwana wa kaka yako