Wote ni Waadilifu

Jumatatu, 7 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Soko la Butembo tope tupu. Nimeuza mawese kidogo, nimegombana na mwanamke aliyetumbukiza kidole kwenye dumu eti anaonja. Nimerudi nimelowa.

Idi amerudi kutoka madrasa anacheka. Mume wangu kucheka siku ya mvua ni habari. Amewapa wanafunzi swali langu, lile nililomuuliza juzi nikimenya viazi. Masahaba wa Mtume walipopigana wao kwa wao, siku ya vita vya Ngamia, nani alikosa? Tumefundishwa wote ni waadilifu, ushahidi wao hauchunguzwi. Sasa waadilifu wanauanaje? Idi amewaambia watoto: walikuwa bora kuliko sisi, lakini walikuwa watu. Aliyekosa alikosa, na hakimu wake ni Mungu.

Nimejiona mwenye akili. Muuza mawese, swali lake limefika ubaoni.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mzazi mmoja amerekodi somo lile kwa simu, sauti ameituma kwenye WhatsApp ya waumini. Eti Mwalimu Idi anawatukana masahaba. Eti amekuwa Mshia. Idi! Mtu asiyemtaja sahaba bila kumwombea radhi, hata mdomo ukiwa umejaa ugali.

Sauti imeshafika Beni. Na Beni ndiko anakokaa Hadji Ramazani, mwenye malori, baba wa kijana atakayemuoa binti yetu Hadija mwezi ujao.

Ijumaa, 11 Oktoba

Kamati ya msikiti imemwita Idi, imemsimamisha kufundisha. Wanataka Ijumaa ijayo, baada ya swala, asimame aseme mbele ya wote: masahaba wote ni waadilifu, nami nilikosa. Idi amewajibu kwamba Kurani yenyewe inasema Mungu aliwasamehe waliokimbia siku ya Uhud. Aliyesamehewa si alikuwa amekosa? Mzee mmoja akamwambia: "Mwalimu, hii hapana wakati ya kufikiri."

Amekataa. Amerudi, hakula.

Wale wazee nawaelewa, na hilo ndilo linaloniudhi. Tangu mauaji ya upande wa Mbau, ya waasi wanaojiita Waislamu, Muislamu akipita na kanzu anatazamwa kwa jicho la pembeni, utadhani wauaji ni ndugu zake. Watu wanaogopa. Mwenye hofu hataki mwalimu wa maswali.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimekwenda Beni. Idi nilimwambia nafuata mawese.

Hadji Ramazani alinipokea vizuri. Soda, karanga, habari za nyumbani. Kisha akasema: "Mama Hadija, mutoto yako hapana na shida, tunamupenda. Mais, lakini, bwana yako aseme mbele ya batu. Asiposema, ndoa hapana. Gari zangu zinapita ku barrière za askari kila siku. Siwezi kuwa na mukwe wa kusemwa-semwa."

Nikamjibu: "Hadji, atasema. Juu ya mutoto, kwa ajili yake, atasema tu."

Njia nzima ya kurudi nilijipongeza.

Jumatano, 16 Oktoba

Idi bado anakataa, ingawa Hadji naye amemtumia neno kwamba asiposema, ndoa hakuna. Anasema neno la dini ni ushahidi, na ushahidi hautolewi kwa kusukumwa. Nikamwambia masahaba wamekwisha kufa, Hadija yuko hai. Neno baya. Lilinitoka.

Hadija amelia, mto mdomoni, akidhani hatumsikii. Baba yake alikuwa macho kama mimi.

Asubuhi nilitaka kwenda kwa kamati, niwaambie swali lilikuwa langu, wanigombeze mimi. Idi akakataa. "Wewe nyamaza. Mwalimu ni mimi." Nikanyamaza. Haraka sana. Najichukia kwa ile haraka.

Ijumaa, 18 Oktoba

Amesema.

Nilikuwa nyuma ya pazia pamoja na wanawake. Sauti yake ilitoka ndogo, wakamwambia arudie. Akarudia. Wakaleta takbiri, wakamkumbatia. Mama mmoja akanishika mkono: "Sasa bwana yako iko safi."

Nyumbani alivua kanzu, akaikunja vizuri, akalala. Idi halali mchana. Sijawahi kumwona amelala mchana, hata akiwa na malaria.

Ndoa imepona. Mbona sina furaha?

Jumapili, 20 Oktoba

Hadji amepiga simu. Kwangu, si kwa Idi.

"Mama, wewe mwenyewe ulisema atasema juu ya mutoto. Basi amesema juu ya mutoto, hapana juu ya Mungu. Mutu kama huyu, kesho atasema ingine. Donc, basi, tunaacha."

Nilimwomba. Nililia. Nilimwambia maneno yalikuwa yangu, si ya Idi. Akakata simu.

Mdomo huponza kichwa. Wangu umekiacha kichwa changu, umeponza cha binti yangu na cha baba yake. Nimewaambia Hadji hataki tena. Walipouliza sababu, nimesema hakuieleza.

Jumanne, 22 Oktoba

Watu wa Hadji wamekuja kuchukua mbuzi za mahari. Mmoja alikuwa amezaa hapa kwetu. Wamechukua na mtoto wake. Hadija ndiye aliyefungua kamba, moja baada ya nyingine. Hakulia. Afadhali angelia.

Wakati wa kuondoka, mmoja wao akamwambia Idi: "Hadji anasema ulisema na mudomo tu, roho haikuwa mule." Idi akamtakia safari njema. Mimi niliingia jikoni.

Alhamisi, 24 Oktoba

Kamati imemrudishia Idi darasa. Anafundisha herufi na jinsi ya kutawadha, basi. Jana msichana aliinua mkono, akamwambia aushushe. Amenisimulia mwenyewe, kama mtu anayesimulia habari za jirani.

Sijamuuliza swali lolote tangu ile Ijumaa. Sina la kuuliza.

Jumamosi, 26 Oktoba

Jua kidogo. Tumekaa nje, mimi na Idi, tunachambua maharagwe. Hadija yuko ndani, amelala. Siku hizi analala tu.

Idi amesema kuna jambo linamsumbua. Msikiti mzima ulimwamini. Hadji, aliye mbali Beni, alijuaje kwamba roho haikuwamo? Lazima kuna mtu alimpelekea maneno. Amewafikiria mmoja mmoja: wazee wa kamati, yule mzazi wa simu, majirani. Hakuna aliyebaki ambaye hamtilii shaka. Akaniuliza kama namjua.

Nimesema simjui.

Hakuniangalia usoni kunipima. Akasema basi, nikisema mimi imetosha, kwani ushahidi wangu ndio pekee anaoupokea bila kuuchunguza. Kisha akanisogezea sahani yake, maana macho yake siku hizi hayaoni vijiwe. Nimeviondoa vyote. Mchana tumekula.