Adapta ya Waifai Dirishani

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Sisi huku Ifakara hatujambo. Shangazi yako yuko Mngeta anavuna mpunga, na bibi yako anakuulizia kila siku.

Umeniuliza nani alinifundisha kuiweka dirishani ile adapta ya waifai uliyonitumia, kile kidude cha kunasa mtandao. Nilipoichomeka nyuma ya kompyuta, karibu na ukuta, mtandao ulikatikakatika na uso wako ukaganda kwenye kioo tukizungumza kwa video. Nikaunga waya mrefu wa USB, nikaisogeza dirishani, nawe ukaanza kusikika.

Nilijifunza nikiwa kijana, kwetu Lupiro. Mama aliugua, nikampeleka mtoni avushwe kwenda hospitali. Mtumbwi ulikuwa ng'ambo. Nilisimama chini kwenye matete, nikaita mpaka sauti ikakauka. Mvuvi mmoja mzee akanisikia, akasema, "Wewe, unaita matete au unaita mtu? Panda kichuguu."

Nikapanda, nikaita mara moja tu. Kutoka ng'ambo mwenye mtumbwi akaitika, "Nakuja."

Mama alilisikia jibu lile. Akasema, "Kumbe muda wote alikuwepo." Mtumbwi ulipofika, alikuwa ameshatutoka. Tulimzika kulekule, nami nikahamia huku. Sijarudi kuishi kwetu tena.

Juzi picha yako ilipotulia, nilinyamaza, nawe ukasema, "Babu, mtandao umekatika tena?" Haukukatika, mjukuu wangu. Nilikuwa nakuona.

Babu yako