Gurudumu Nililompa Nahodha

Jumapili, tarehe 9 Juni
Mwaka wa tatu tangu niondoke

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako. Goti lako linaendeleaje? Shemeji na watoto hawajambo? Mimi mzima, ila mgongo. Hapa ghalani tunashusha saruji tangu alfajiri, na mnyapara wetu hamwiti mtu kwa jina. Anapiga makofi tu, na kila mmoja anajua pa kukimbilia. Jioni mikono inakataa hata kushika kijiko.

Barua yako nimeipata. Umesema shemeji ameiona picha yangu kwenye simu, nimesimama kando ya barabara na baiskeli isiyo na gurudumu la mbele, na watu wanacheka kwamba Upepo alikwenda ng'ambo kumbe pumzi zimemwisha. Wengine wanaapa kwamba nimepokonywa. Sasa nikueleze.

Yalikuwa mashindano ya baiskeli ya sisi tusiolipwa kwa kuendesha: wapagazi, waoka mikate, mafundi bomba. Ila safari hii timu ya wanaolipwa ilitangaza kwamba mshindi itamchukua. Kula, kulala na mshahara, kwa kuendesha baiskeli tu! Nilifanya mazoezi kabla ya kazi mpaka nikawa nasinzia juu ya mifuko. Mrefu, ninayekaa naye chumba kimoja, alinitania kwamba iko siku nitapakiwa pamoja na saruji.

Nahodha wa klabu yetu ni fundi bomba, mtu mwema. Kazi yetu wengine ni kumkatia upepo: unatangulia, upepo unakupiga wewe, naye anakufuata nyuma amejikunja kama kifaranga. Nyumbani mliniita Upepo. Huku nimekuwa ukuta. Lakini asubuhi ile mwenyewe alituambia kwamba kwenye mlima wa mwisho kila mtu na miguu yake.

Mlimani tulifika wawili, mimi na yeye. Kaka, siku ile nilikuwa na miguu! Yeye anahema kama mvukuto, mimi natamani kuimba. Mara tairi lake la mbele likapata pancha, na gari la mafundi liko mbali huko chini. Akashuka.

Waambie wanaoapa kwamba hakuna aliyenipokonya. Hata kuniomba hakuniomba. Alipiga makofi, basi, kwa uchungu wa mtu aliyekata tamaa. Mwili wangu ukashuka kabla sijaamua, kama niko ghalani. Akili iliponirudia, gurudumu langu liko kwenye baiskeli yake, naye ameshakata kona.

Alishinda, wakamchukua. Juzi alikuja ghalani na meneja wao. Wananitaka na mimi, nibebe chupa za maji, nikate upepo, nitoe gurudumu likihitajika. Meneja alisema hajawahi kuona kipaji kama changu. Nimekataa. Mrefu ananiona mwehu, maana kazi ile ni nyepesi kuliko saruji. Siogopi kwamba itanishinda, kaka. Naogopa nitaiweza.

Nisalimie wote wanaoniulizia, hata hao wanaonicheka. Mkataba wangu wa ghala unaisha mwezi wa kumi, na mwezi huohuo narudi. Baiskeli yako usiiuze; itie upepo magurudumu yote mawili. Tutashindana mpaka mtoni, goti lako likikubali. Na ukipata pancha njiani, piga makofi upendavyo. Sigeuki.

Mimi mdogo wako,
Upepo