Mchezo Unauliza Jina la Babu

Ansan, Desemba 3

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yametulia na theluji haijafunga barabara ya huko kwetu milimani At-Bashy. Mimi ni mzima, kazi ya kiwandani ni ileile.

Nakuandikia barua kwenye simu kwa sababu tangu msiba wa Baba, kila tukiongea tunaishia kulia na hakuna linalosemwa. Nina ombi. Unaukumbuka ule mchezo wa kompyuta ambamo nilikuwa nikikutana na Baba kila Jumapili? Mle ndani ana hema lake na farasi wake. Wenye mchezo wametangaza kwamba akaunti isiyofunguliwa hadi mwaka kuisha itafutwa na vyote vilivyomo. Kumzika sikuwahi, Mama. Na hema hilo likifutwa, nitakuwa nimemkosa mara mbili.

Nilijaribu kuingia kwa jina lake nikiwa huku Korea, mchezo ukadhani ni mwizi, ukajifunga. Sasa unakubali kompyuta ya nyumbani tu. Iwashe, bonyeza picha ya farasi, kisha uandike nenosiri, ambalo ni namba ya lile gari letu bovu. Uniambie inasema nini.

Mwanao,
Taalai

At-Bashy, Desemba 6

Mwanangu Taalai,

Marahaba. Magoti yapo, yanalalamika kuliko mimi. Ng'ombe hajambo. Jirani yetu Anarkan anakusalimu na anauliza utaoa lini, nimemwambia akuulize mwenyewe.

Kompyuta nimeiwasha. Nilikuwa nimeifunika shali tangu msiba, na kile kisanduku chenye vitaa nilikitia kwenye sanduku langu la mahari, chini ya magodoro, kisiingie vumbi. Nimebonyeza farasi. Imeandika kwamba hakuna muunganisho. Muunganisho na nani? Nimekaa naisubiri mpaka chai imepoa. Mchezo wa kuchezea tu, ukali wote huu wa askari wa mpakani ni wa nini?

Mama yako

Ansan, Desemba 7

Mama,

Shikamoo. Nimecheka mpaka wenzangu wa bwenini wameamka. Hicho kisanduku ndicho kinacholeta intaneti. Kitoe, kichomeke kwenye umeme, ungoje vitaa viwe kijani. Halafu tazama saa iliyo pembeni ya kioo. Kompyuta ile ni kuukuu, ikikaa bila umeme inasahau tarehe, na mchezo haumpokei mtu anayedai ametoka mwaka mwingine. Irekebishe.

Ukipita hapo litatokea swali alilolichagua Baba mwenyewe: baba yako anaitwa nani? Andika jina la babu, basi, umeshaingia.

Mwanao,
Taalai

At-Bashy, Desemba 12

Mwanangu,

Marahaba. Huku baridi kali, lakini tunashukuru.

Vitaa ni kijani. Saa ilikuwa inasema ni mwaka 2009. Mwaka huo baba yako alikuwa anapanda farasi bila kushikwa mkono, nikaona vibaya kuusahihisha. Nimeusahihisha.

Swali likaja. Nikaandika jina la babu yako, likakataliwa. Nikaliandika kwa herufi kubwa, pengine haisikii vizuri, likakataliwa. Umeme ukakatika, ukarudi, nikaanza upya. Anarkan akaisomea bismillahi na kuipulizia. Wapi! Sasa inasema nimebakiza mara mbili. Taalai, una hakika baba yako hakukosea jina la baba yake?

Mama yako

Ansan, Desemba 13

Mama,

Shikamoo. Hata mimi sielewi. Nimedhani ni kebo, nimedhani ni ile programu ya kuzuia virusi, mwisho nimewaandikia wenye mchezo wenyewe. Wamejibu kwamba muunganisho wenu ni mzima kabisa, tatizo ni jibu. Usijaribu tena kwanza. Niambie uliandika nini hasa, neno kwa neno.

Mwanao,
Taalai

At-Bashy, Desemba 17

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilinikuta tayari nimeshajaribu tena. Imebaki mara moja.

Niliandika Biy-Ata. Ulitaka niandike nini? Ndivyo anavyoitwa. Ndivyo nilivyomwita tangu siku niliyoingizwa nyumba hii nikafungwa kitambaa cheupe kichwani, na nyinyi wote mmekua mkimwita hivyo.

Mama yako

Ansan, Desemba 18

Mama yangu,

Shikamoo. Nilicheka, halafu nikainama pale pale kwenye mashine nikalia.

Biy-Ata ni jina ulilompa wewe, kwa kuwa mke hatamki jina la baba mkwe wake. Sisi tuliliokota kinywani mwako. Mchezo haujui heshima hiyo, unataka jina lililochongwa kaburini. Hutalitamka, utaligusa kwa vidole tu. Ukiona vigumu, mwombe Anarkan akuandikie.

Mwanao,
Taalai

Ansan, Desemba 27

Mama,

Shikamoo. Kimya chako kinanitisha. Simu haishiki. Nimekukosea adabu? Kama ni hivyo, nisamehe na uache. Lile ni hema la kwenye kioo tu. Wewe ndiye niliyebaki naye. Niandikie hata neno moja.

Mwanao,
Taalai

At-Bashy, Desemba 30

Mwanangu Taalai,

Marahaba, marahaba. Mimi ni mzima. Theluji iliangusha nguzo, hatukuwa na umeme wala simu. Hukunikosea.

Anarkan nilimkatalia. Nyumba ya mume wangu haitafunguliwa na jirani. Nilikaanga mikate saba ya kuwakumbuka marehemu, harufu ya mafuta iwafikie huko waliko, nikapanda mpaka makaburini. Nilisimama nje ya ukuta kama sisi wanawake tunavyosimama, nikasoma ninachokijua. Kisha nikamwambia, "Biy-Ata, mjukuu wako hakumzika baba yake. Nina haja na jina lako mara moja." Hakuna aliyenikataza. Nikarudi.

Umeme uliporudi leo, niliandika kwa kidole kimoja: Mambetaly. Nilitaka kujifunika uso mbele ya kompyuta. Mlango ukafunguka.

Sikujua pa kwenda. Nilitembea nikatumbukia mtoni, nikatoka, nikatumbukia tena. Hema nililiona kwa sababu alilipamba nakshi zilezile za zulia langu. Nje amefungwa farasi jike mweupe, na juu ya kichwa chake pameandikwa jina.

Baba yako hakuwahi kuniita jina langu tangu tuoane. Ilikuwa "wewe", ilikuwa "mama yake Taalai", na akikasirika "huyu mtu". Nami sikumtaja yeye. Ndiyo heshima yetu, sikuwahi kudai zaidi. Lakini nilidhani amelisahau, mwanangu. Hilo nilidhani kweli. Kumbe kila Jumapili, mimi nikiwa jikoni nagombana na moto, alikuwa amekaa analitazama. Ulijua, wewe, ukaninyamazia?

Kuuzima mchezo sijui, na sitaki. Jumapili uje. Mimi nitakuwa mle nimevaa kofia ya baba yako, pengine mtoni. Usinicheke, nitoe.

Mama yako,
Burmakan